Kilevi na Sonona Vyuoni: Kazi ya Mwalimu wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Mara nyingi wanachuo wa ualimu hutuuliza: Mambo ya wanafunzi wa chuo kikuu yanatuhusu nini sisi tutakaofundisha watoto wa darasa la kwanza? Swali hilo ni la haki, na makala haya yanakusudia kulijibu. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayelewa siku nne katika wiki, au anayejifungia chumbani asitake kuonana na mtu, hakuzaliwa siku ile alipopokea barua ya kukubaliwa chuoni. Alikwisha kupita mikononi mwa walimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi kabla hajafika huko. Wahenga walinena kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Nasi twapenda kuongeza kwamba mkunjo aliopewa samaki angali mbichi ndio huo huo atakaokaukia nao.

Sisi tunaoandika makala haya ni wakufunzi wawili. Kabla ya kazi hii tulisoma katika chuo kikuu kimoja jijini Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2011 hadi 2014. Tulikaa watu wanne katika chumba kimoja chenye vitanda viwili vya deka. Tutaeleza tuliyoyaona humo, kisha tutaonyesha mizizi yake, na mwisho tutapendekeza mbinu ambazo mwalimu wa msingi aweza kuzitumia bila gharama na bila kuongezewa hata kipindi kimoja katika ratiba.

Tuliyoyaona Bwenini

Watu wengi wakisikia habari ya ulevi wa wanachuo hufikiri juu ya kelele. Kelele zilikuwapo, yakini. Mkopo wa kujikimu, ambao wanachuo huuita "bumu", ulipotoka, mabaa ya jirani yalijaa kwa wiki nzima. Baada ya hapo zilifuata wiki za kula mlo mmoja kwa siku. Palikuwa na bia, palikuwa na bangi nyuma ya uwanja, palikuwa na mirungi wakati wa mitihani, na zaidi ya vyote palikuwa na viroba, yaani vile vifuko vidogo vya plastiki vilivyotiwa pombe kali. Kiroba kiliuzwa kibandani kama karanga, kwa bei isiyofikia ile ya sahani ya wali, nacho kilifichika mfukoni. Serikali ilikuja kupiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi, 2017, lakini sisi tulikwisha kuondoka chuoni.

Hata hivyo, si wapiga kelele waliotufundisha jambo hili. Aliyetufundisha ni mwenzetu mmoja wa chumbani, kijana mpole aliyetoka kijiji kimoja cha nyanda za juu za kusini. Yeye alikuwa mtu wa kwanza katika kata yao kuingia chuo kikuu. Alipokuwa anasafiri, wanakijiji walimchangia. Michango hiyo iliandikwa katika daftari la kurasa 40: jina la mtu, na mbele yake shilingi 500, au 1,000, au debe la mahindi. Daftari hilo alilileta chuoni, akaliweka chini ya mto.

Katika muhula wa kwanza alishindwa masomo mawili, akatakiwa kufanya mitihani ya marudio. Kwa wengi wetu jambo hilo lilikuwa la kawaida. Kwake halikuwa hivyo. Tangu darasa la tatu hajapata kuwa chini ya nafasi ya pili. Usiku ule hakulala, na usiku uliofuata vivyo hivyo. Alianza kunywa kiroba kimoja ili apate usingizi. Hakuwa akiimba wala kugombana na mtu; alikunywa kama mtu anayemeza dawa, kisha akageukia ukutani.

Kiroba kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne. Aliacha kwenda kwenye mihadhara ya asubuhi, halafu ya mchana. Aliacha kucheza mpira, mchezo alioupenda kuliko yote. Mama yake alipopiga simu, aliitazama ikilia mpaka ikanyamaza. Wakati mwingine tulimkuta amelifungua lile daftari, anapitisha kidole juu ya majina.

Jioni moja katika mwaka wa pili alianza kugawa vitu vyake. Mmoja wetu alipewa redio, mwingine pasi. Alivigawa kwa uso mtulivu sana, na utulivu huo ndio uliotutisha. Mkubwa wetu kwa umri alimkalisha kitandani akamwuliza waziwazi, "Kaka, unafikiria kufa?" Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Ndiyo. Sina pa kuwaangalia." Aliokusudia ni wale watu wa kwenye daftari.

Usiku ule hatukumwacha peke yake. Tulikesha naye kwa zamu, na kulipopambazuka tulimpeleka hospitalini. Mwuguzi aliyempokea hakumwuliza kwanza habari za pombe, alimwuliza, "Mwanangu, tangu lini hulali?" Hapo mwenzetu alilia kwa mara ya kwanza mbele yetu. Alitibiwa kwa miezi kadhaa, kwa dawa na kwa mazungumzo, na pombe akaiacha chini ya uangalizi wa daktari.

Masomo yake hayakuokoka. Karatasi za daktari zilifika siku 9 baada ya tarehe iliyowekwa, na ofisi iliyohusika ikamwandikia barua ya kumwondoa masomoni. Tulikwenda kumwombea mara tatu, tukajibiwa kwamba utaratibu ni utaratibu. Alirudi kwao. Lile alilolihofia kuliko kifo halikutokea: wenye majina katika daftari walimpokea, wakamwuliza hali ya afya yake, na hakuna hata mmoja aliyetaja shilingi 500. Leo anafuga nyuki na kuotesha miche ya miti, na hanywi pombe. Kwa hiyo maisha yake yaliokolewa, bali shahada yake ilipotea, na wilaya yake ilimkosa mtaalamu iliyomtazamia.

Jinsi Kilevi na Sonona Vinavyoshikana

Kabla ya kutafuta mizizi, yafaa tuyaweke sawa maneno. Lugha yetu haina upungufu katika mambo ya moyo: tunayo huzuni, simanzi, majonzi, jitimai, unyonge na kihoro. Neno sonona, lenye asili ya kusononeka, siku hizi latumika kutaja ugonjwa wenyewe. Tofauti kati ya huzuni na sonona ni muhimu kwa mwalimu. Huzuni ina sababu, ina mwisho, na hupungua mtu anapopata wenzake. Sonona hukaa. Waganga huihesabu mtu anapokuwa na dalili zake karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki 2: moyo kuwa mzito, kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kupoteza hamu ya chakula au kula ovyo, kuchoka, kujiona hana thamani, kushindwa kutuliza fikira, mwili kuwa mzito au kuhangaika, na kufikiria kifo. Hojaji ya maswali 9 iliyotolewa mwaka 2001, ambayo hutumika hata kwa Kiswahili, huuliza juu ya dalili hizo hizo.

Watu wetu aghalabu hawasemi "nina sonona". Husema "nina mawazo". Hawakosei. Huko Zimbabwe Washona wana neno kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza mpango ambao wanawake wazee wa mitaani walifunzwa kuketi bencini na mtu mwenye kufungisisa, kumsikiliza, na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kulishughulikia kwanza. Uchunguzi wa kitaalamu uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa na wazee hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Twalitaja jambo hili ili mwanachuo asidhani kwamba kumsikiliza mtu ni kazi ya madaktari peke yao.

Sasa pombe huingiaje? Pombe ni kilevi chenye kupooza kazi ya ubongo. Unywaji wa kwanza huondoa hofu na kuleta uchangamfu, kwa kuwa sehemu ya kwanza kupoozwa ni ile inayotuzuia na kutuonya. Baada ya saa chache uchangamfu huo hutoweka, na mahali pake huja wasiwasi na unyonge uliozidi ule wa mwanzo. Kadhalika pombe humlaza mtu upesi, lakini huuvuruga usingizi wa nusu ya pili ya usiku, hata mnywaji akaamka amechoka. Mtu aliyekunywa ili alale sasa hakulala. Mtu aliyekunywa ili asahau sasa anakumbuka zaidi, na juu ya hayo ana deni na aibu. Hivyo hunywa tena. Sonona huita pombe, na pombe huilisha sonona. Atakayetaka kutibu moja na kuliacha la pili atakuwa anateka maji kwa pakacha.

Jambo moja la hatari lapasa kusemwa hapa. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku asilazimishwe kuacha kwa ghafla nyumbani. Aweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupata kifafa. Apelekwe kwa daktari.

Mizizi Iko Wapi?

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba nusu ya maradhi ya akili ya watu wazima huanza kabla mtu hajafika umri wa miaka 14. Huo ni umri wa mtoto anayemaliza shule ya msingi, au aliyetoka huko juzi. Kwa hiyo mwalimu wa chuo kikuu huyakuta matunda. Mwalimu wa msingi ndiye aliye karibu na shina.

Katika miezi ya matibabu yake mwenzetu alituzungumzia sana habari za utoto wake. Katika maneno yake tuliona mizizi mitatu.

Mzizi wa kwanza ni nafasi. Shuleni kwao, siku ya kufunga shule, wazazi waliitwa, na mwalimu mkuu akasoma majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Wa kwanza alipigiwa makofi; wa mwisho alichekwa. Sote twajua kwamba jambo hilo humwumiza wa mwisho. Mwenzetu alitufundisha kwamba humwumiza na wa kwanza. Alisema, "Tangu darasa la tatu nilikuwa namba moja, na tangu siku hiyo sikuwa mtu mwingine." Alipofika chuo kikuu, mahali ambapo kila mmoja alikuwa namba moja wa kwao, namba ilimponyoka, naye hakuwa na kitu kingine cha kujiitia.

Mzizi wa pili ni kukosa maneno. Baba yake alipofariki yeye akiwa na umri wa miaka 10, aliambiwa na kila mtu, pamoja na mwalimu wake, kwamba mwanamume halii. Alirudi shuleni siku ya nne, akafanya mtihani wa hesabu, akasifiwa kwa ushujaa. Lugha alikuwa nayo. Insha zake zilisomwa mbele ya darasa. Lakini hakupata kuandika hata insha moja juu ya kile kilichomkaa moyoni.

Mzizi wa tatu ni jinsi alivyoijua pombe. Kwao msimu wa ulanzi ni msimu wa furaha. Watoto hutumwa kuuleta, na mtoto anayetumwa huonja. Aliona wazee wakisema, "Nimechoka, nipeni kidogo," au "Nina majonzi, nipeni kidogo." Hakuna aliyemfundisha kulewa. Alifundishwa tu kwamba maumivu yana dawa moja, na dawa hiyo imo kibuyuni.

Mbinu za Darasani

1. Matokeo yatolewe kwa mtoto mwenyewe. Hatusemi kwamba alama zifutwe. Mtoto na mzazi wana haki ya kuzijua. Twasema kwamba zisigeuzwe jina la mtoto. Mwalimu ampe kila mtoto karatasi yake, na katika kila karatasi aandike mambo mawili: jambo ambalo mtoto ameliweza kuliko muhula uliopita, na jambo moja la kufanyia kazi. Mtoto aliye hodari sana apewe mara kwa mara kazi iliyo juu ya uwezo wake, ili ashindwe angali mdogo, mbele ya mwalimu anayempenda, apate kujua kwamba kushindwa hakumwui mtu. Asiyezoea kujikwaa akianguka hajui kuinuka.

2. Msamiati wa moyo ufundishwe katika kipindi cha Kiswahili. Tulijaribu somo hili pamoja na wanachuo wetu wakati wa mazoezi ya kufundisha, katika darasa la nne lenye watoto 72. Hatua zake zilikuwa hizi:

(a) Mwalimu aliandika ubaoni maneno sita: furaha, hofu, hasira, huzuni, aibu, upweke.

(b) Alisimulia kisa kifupi cha mtoto aliyepotelewa na mbuzi wa jirani, akasimama mahali mbalimbali akauliza, "Sasa mtoto huyu ana nini moyoni?" Watoto walichagua neno na kueleza sababu.

(c) Watoto, wawili wawili, waliambiana tukio moja na neno lake. Walielezwa mapema kwamba hakuna atakayelazimishwa kusema, na kwamba la mwenzako halitangazwi.

(d) Kila mtoto aliandika sentensi tatu akianza na maneno "Nilipo...", "Nilihisi...", "Nilikwenda kwa...".

Hatua ya mwisho ndiyo kiini cha somo. Katika madaftari 72, watoto 11 hawakuweza kuimalizia sentensi ya tatu. Waliandika "Nilikwenda kwa", wakaacha nafasi tupu. Mwanachuo aliyefundisha aliwahesabu, akawataja kwa mwalimu wa darasa kwa siri, nao wakaanza kuangaliwa kwa karibu. Sisi hatujapata kuona mtihani wowote uliompa mwalimu habari kubwa kama zile nafasi tupu 11.

3. Kukataa kufundishwe kwa igizo. Kumwambia mtoto "usinywe" hakumsaidii siku atakapopewa kikombe na mjomba wake. Watoto wa madarasa ya juu wagawanywe katika makundi, waigize. Mmoja ni mjomba, mwingine ni mpwa. Mpwa atafute namna ya kukataa bila kumkosea mjomba adabu: "Shikamoo mjomba, ahsante, mimi nitakunywa maji." Darasa lijadili ni jibu lipi lililofaa, na kwa nini. Katika jamii yetu, ambamo mdogo hamkatalii mkubwa kwa ukali, ufundi huu wahitaji mazoezi ya ulimi, wala haupatikani kwa kuinakili orodha ya madhara ubaoni.

4. Mchezo wa mwenendo mwema. Mbinu hii ilijaribiwa mara ya kwanza mwaka 1967 katika darasa la nne la shule moja ya jimbo la Kansas, Marekani. Darasa hugawanywa katika makundi. Kanuni chache huandikwa ubaoni. Mwalimu hutangaza kwamba mchezo umeanza. Mtoto akivunja kanuni, kundi lake hutiwa alama moja. Kundi lenye alama chache hushinda, na yote yaweza kushinda ikiwa hakuna lililovuka alama tano. Tuzo ni ndogo: kutangulia kwenda kula, au dakika chache za mchezo. Hakuna kiboko wala matusi.

Mwaka 1985 wataalamu walianza kuujaribu mchezo huo katika madarasa ya kwanza ya mji wa Baltimore, kisha wakawafuatilia watoto hao mpaka walipofika umri wa miaka 19 hadi 21. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba waliocheza mchezo huo darasani walikuwa na matatizo machache zaidi ya pombe na dawa za kulevya kuliko wenzao wasioucheza, na faida hiyo ilikuwa kubwa hasa kwa wavulana waliokuwa wakorofi tangu mwanzo. Mwanachuo atashangaa: mchezo usiotaja pombe hata mara moja wawezaje kumkinga mtu na pombe miaka 13 baadaye? Kwa maoni yetu jibu ni kwamba mtoto hujifunza mambo mawili. Kwanza, hujizuia mwenyewe bila kutishwa. Pili, huzoea kuwa mtu wa kundi, anayetegemewa na wenziwe na asiyetengwa nao. Mtoto mkorofi anayetengwa akiwa na umri wa miaka 7 huwatafuta wakorofi wenzake akiwa na umri wa miaka 15.

Katika darasa letu lenye watoto 80 makundi yaweza kufuata safu za madawati. Lakini mwalimu ahadhari: makundi yachanganye watoto wa kila tabia, na kamwe asiruhusu kundi limwadhibu mwenzao baada ya vipindi.

Mambo ya Kuepuka

Wengi wetu tulifundishwa habari za ulevi kwa kutishwa. Mgeni alikuja na picha za ini lililooza, akaeleza majina ya dawa zote za kulevya, akaondoka. Mwaka 2013 ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu ilitoa mwongozo wa kinga uliokusanya matokeo ya uchunguzi mwingi. Mwongozo huo unaeleza kwamba mihadhara ya kutoa habari tu, hasa ile ya kutisha, haikuonekana kuzuia matumizi ya vilevi. Mtoto hutishika kwa siku mbili. Siku ya tatu humwona mjomba wake amelewa na bado yu hai, akahesabu kwamba mwalimu alisema uongo.

Kadhalika mwalimu asimtolee mfano mbele ya darasa mtoto ambaye wazazi wake ni walevi. Asiitumie siri aliyoambiwa kuwa silaha ya kumnyamazisha mtoto. Na asimwambie mtoto anayelia "nyamaza" kabla hajamwuliza "una nini?"

Neno kwa Wanachuo Wenyewe

Ndugu wanachuo, hatukuyaandika haya kwa ajili ya watoto peke yao. Ninyi pia mnalala mabwenini, na wengi wenu mmebeba daftari la michango, likiwa limeandikwa au halikuandikwa. Kesho mtapelekwa vijiji vya mbali. Mwalimu mpya hufika mahali asipojulikana. Jioni ni ndefu, mshahara wa kwanza umechelewa, na mahali palipo na taa na vicheko ni kilabuni. Heshima ya mwalimu kijijini humzuia kusema kwamba ana upweke. Hapo ndipo kilevi humkuta.

Basi jiwekeeni desturi mapema. Mtafute mtu mmoja, mwenzako au mzee, ambaye utamwambia ukweli wa hali yako kila wiki. Ukiona dalili tulizozitaja zimekaa kwa wiki 2, nenda kituo cha afya ukazieleze kama vile ungeeleza homa. Ukimwona mwenzako anagawa vitu vyake, anaaga aga bila safari, au anasema kwamba watu wangeishi vema bila yeye, mwulize waziwazi kama anafikiria kufa. Baadhi ya watu huogopa kwamba kuuliza kutampa wazo hilo. Uchunguzi umeonyesha kwamba haiwi hivyo. Ukisikia ndiyo, usimwache peke yake, ondoeni karibu naye dawa za wadudu na vitu vingine vya hatari, mwiteni mtu mzima anayemwamini, mkampeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kilevi na sonona hulishana, kwamba mizizi yake hushika mapema, na kwamba mwalimu wa msingi anazo mbinu nne zilizo ndani ya uwezo wake. Hatudai kwamba zitamaliza tatizo. Pombe itauzwa, mikopo itachelewa, na wazazi watakufa watoto wao wangali wadogo. Lakini mtoto anayejua kushindwa bila kujidharau, anayelo neno la kutaja maumivu yake, na anayeweza kuimalizia sentensi ile ya tatu, atafika chuoni akiwa na akiba ambayo mwenzetu hakupewa. Akiba hiyo haitolewi na bodi yoyote ya mikopo. Hutolewa na mwalimu, katika chumba chenye ubao na chaki.

Maswali ya Kujadili

1. Shule uliyosoma ilitangazaje matokeo? Waulize watu wawili, aliyekuwa wa kwanza na aliyekuwa wa mwisho, wanakumbuka nini.

2. Tunga kisa cha aya moja, kinachofaa darasa la pili, cha kufundishia maneno hofu na upweke.

3. Katika lugha ya kwenu watu husemaje mtu anapokuwa na mawazo? Linganisha na neno sonona.

4. Andaa igizo la dakika tano la mtoto anayekataa pombe ya mkubwa bila kuvunja adabu.

5. Maliza kwa ajili yako mwenyewe, wala usimwonyeshe mtu: "Nikizidiwa, nitakwenda kwa..."